Malaria Aliyojisomea Fanizo

Tabibu wetu Mzumara alirudi kutoka semina ya siku tatu wilayani na begi jipya, fulana nyeupe iliyoandikwa mgongoni kwamba maisha yana thamani, na karatasi ya maswali tisa. Siku hiyo alivyokuwa anatembea ungedhani kapewa nchi aiongoze. Karatasi akaibandika ukutani kwa plasta ya vidonda, na plasta zenyewe tuna boksi moja la mwezi mzima. Kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni, anaisoma upya na kutabasamu peke yake.

"Sista Enelesi," akaniambia, "kuanzia leo kwenye eneo letu hafi mtu kwa mkono wake mwenyewe."

"Kwa nini, wameshaiona fulana?"

Hakucheka. Huyu kijana hacheki kazini, nadhani kwenye semina hawakufika kwenye mada hiyo. Akanieleza kwa dakika ishirini kwamba watu wengi wanaojiua huwa wamepita kituo cha afya wiki chache kabla, wanasema kichwa, wanasema mgongo, wanasema tumbo, wanapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Alinieleza mimi! Mimi niliyekaa dirisha la dawa hapa Chigodi mwaka wa ishirini na sita huu, niliyewazalisha nusu ya hao wanaokuja kunitukana. Matabibu nimeshawaona kumi na mmoja, wanakuja wabichi wanaondoka wamechoka, na hakuna hata mmoja ambaye hakuanza kwa kunifundisha kazi.

Maswali yenyewe yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Unalala? Unakula? Mambo uliyoyapenda bado unayapenda? Na la tisa: umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe, au ujidhuru? Ni maswali ambayo mtu mzima anaweza kumuuliza mwenzake bila karatasi. Lakini ukimuuliza mtu swali la namna hiyo unamtazama usoni, na Mzumara alikuwa anatazama karatasi asije akaruka mstari.

Jumanne iliyofuata akaja Fanizo wa kijiji cha Kachigamba na kichwa chake. Kichwa cha Fanizo tulikuwa tunakijua. Tangu mavuno alikuwa amekuja nacho mara nne, na mara zote nne nilimpa dawa ya maumivu, nikaandika, nikaita mwingine. Kwa hiyo nikimcheka Mzumara hapa, ujue najicheka na mimi.

Fanizo ni mkwe wa watu. Kwetu mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, analima ardhi ya mke, anazaa watoto wa ukoo wa mke, na kwenye kila kilabu cha pombe kuna mpumbavu mmoja wa kumwita jogoo wa kuazima. Fanizo ameitwa hivyo miaka kumi na sita na huwa anatabasamu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye adabu mpaka inakera. Siku hiyo alisindikizwa na Mzee Sandalamu, mjomba wa mkewe, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye boma lile. Mzee alikuja na koti lake zito, Agosti hii yenye vumbi, akakaa kwenye benchi la nje na kofia magotini.

Mzumara alimwingiza Fanizo peke yake, hilo semina ilimfundisha. Kwamba mlango haufungiki, na ukuta kati yake na dirisha langu ni wa mbao, hilo hakulifikiria. Nilisikia yote. Swali la kwanza, hapana. La pili, hapana. Unalala? Nalala kidogo. Unakula? Nakula. Mzumara anauliza mbio mbio kama anayeita majina darasani. Alipofika la tisa, kiti cha Fanizo kikalia. Nikaacha kuhesabu vidonge.

"Ndiyo, daktari," akasema.

"Mara ngapi? Siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku zote, au karibu kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi hasa."

Jamani! Mtu amekaa na jambo hilo miezi yote hiyo kifuani, ametembea saa mbili, amelitoa kwa mtu asiyemjua. Unadhani Mzumara alifanya nini? Aliandika. Akavuta kitabu cha afya cha Fanizo, kile ambacho kila mgonjwa kwetu anatembea nacho na kulala nacho nyumbani, akaandika nusu ukurasa kwa Kiingereza, juu kabisa herufi kubwa, chini mistari iliyonyooka. Aliandika vizuri mno. Kisha akamwita Mzee Sandalamu na kumkabidhi kitabu.

"Mzee, maelezo yote ya familia yamo humu. Mkifika nyumbani msome."

Sandalamu akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akakitia ndani ya koti. Mzumara akarudi kwenye rejesta, kwenye safu mpya waliyomwongezea huko wilayani, safu ya familia imearifiwa, akatia alama ya vema. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Cheti kikaja dirishani kwangu. Vidonge vya ugonjwa wa huzuni, vya mwezi mzima.

"Nampa saba," nikamwambia Mzumara.

"Nimeandika thelathini."

"Nimeona. Mtu amekwambia anayowaza kila asubuhi, halafu unamfungia kopo zima aende nalo? Saba. Na Jumanne arudi."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani hilo pia lilikuwamo kwenye semina na alikuwa amesinzia. Fanizo nikamwambia, "Jumanne uje. Usipokuja nitakufuata mwenyewe mpaka Kachigamba, na mimi nikimfuata mtu huwa siji kimya kimya." Akacheka kidogo, akashukuru. Basi wakaondoka, mzee mbele, yeye nyuma.

Jumanne nyingine Fanizo hakuja. Ilikuwa kliniki ya watoto, wamejaa thelathini na kitu, wote wanalia, mama zao wanagombania kivuli. Saa nne hivi nikamwona Mzee Sandalamu dirishani, peke yake, koti lile lile. Akakohoa mara moja.

"Kifua, sista."

"Tangu lini?"

"Tangu... siku hizi hizi."

Nikampa dawa ya kikohozi. Hakuondoka. Akaishika chupa, akaigeuza, akaisoma au akajifanya anaisoma, huku mama wa nyuma yake anasukuma.

"Kuna kingine, mzee?"

"Hapana. Kifua tu."

"Basi pisha wenzako."

Akapisha hatua moja. Ndipo nikakumbuka ni mzee wa nani. "Mkwe wako yuko wapi? Leo si siku yake?"

"Yuko dimba, ile bustani yetu ya bondeni. Malaria ilikuwa imemshusha kidogo, lakini leo kaamka."

"Malaria gani?"

"Ile mliyoiandika kwenye kitabu." Akanitazama. "Alitusomea mwenyewe, sista. Pale kwetu msomaji ni yeye. Barua za shule, karatasi za mbolea, kila kitu tunampa yeye."

Tabibu mwenye cheti na fulana ameandika siri ya kufa na kupona ya mtu, kaikabidhi kwa familia isiyojua Kiingereza, nayo familia imempa asome yule yule mwenye siri! Na yeye ameketi mbele ya wakwe zake wote, amefungua ukurasa, amesoma malaria. Nilitamani kucheka na kupiga mtu kofi kwa wakati mmoja.

Kwa nini sikumwambia mzee pale pale? Nitakwambia, na sijivunii. Nilimwangalia nikaona koti, kofia na ujinga. Nikakumbuka kijiji jirani mwaka jana, mkwe alivyougua kifua kikuu, wajomba wa mke wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakamrudisha kwao, maana mkwe akifia kwa watu, ukoo wake unakuja na kesi: mlimlisha nini, mlimtendea nini. Nikajisemea, huyu naye ni wale wale, nikimwambia leo kesho Fanizo yuko barabarani na mkeka wake. Nikamwambia aende nyumbani anywe dawa yake.

Kisha nikaingia kwa Mzumara.

"Fanizo amewasomea malaria."

Hakuelewa. Nikamweleza mara mbili. Akachukua rejesta, akaweka kidole kwenye alama yake ya vema.

"Familia imearifiwa."

"Imearifiwa na nani? Anayesoma mle ndani ni mmoja, na ndiye mgonjwa."

"Basi mgonjwa ametoa taarifa za uongo. Hilo si kosa la kituo."

Yaani alisema hivyo. Mtu mzima, mama yake alimbeba miezi tisa. "Ulishindwa nini kumwambia mzee kwa mdomo?" nikamuuliza. "Alikuwa amesimama hapo, pua kwa pua!"

"Mwongozo unasema mawasiliano yawe ya maandishi."

Nikavua aproni nikamtupia mezani. "Watoto wako nje, thelathini na nne. Wapime, wachome, na ukimaliza waandikie barua." Nikachukua baiskeli ya mlinzi bila kumuomba, naye akabaki ananipigia kelele za breki. Breki kweli haikuwepo.

Dimba la kina Sandalamu liko mteremko wa Kachigamba, chini kwenye matete. Njiani niliomba Mungu kwa matusi, ndivyo ninavyoomba nikiogopa. Nilipofika nikamwona Fanizo amesimama, anamwagilia kabichi na ndoo yenye matundu. Matusi yangu yote nikayafuta. Nikamwona na Ndaziona, mkewe, amekaa juu ya tuta, miguu kainyoosha, anatafuna muwa. Hana jembe, hana ndoo. Mume mgonjwa anachota maji, mke anatema makapi! Hasira zangu zote za Mzumara zikapata pa kwenda.

"Wewe mama, hivi hapa ni harusini?"

Akaruka akasimama. "Sista, mjomba kasema nisi..."

"Mjomba wako namjua. Nenda nyumbani ukapike uji, nina maneno na mumeo."

Akasitasita, akamwangalia mumewe, akaniangalia mimi. Akaondoka anageuka nyuma kila hatua tano. Nikaona mwanamke mvivu na mbishi juu yake.

Fanizo alikuwa ameweka ndoo chini. "Ulisema ukinifuata huji kimya," akasema.

"Na wewe ulisema utakuja Jumanne. Umewasomea nini nyumbani?"

Akacheka, na kicheko kikakatika. "Malaria."

"Kwa nini malaria, mwanaume wewe?"

"Ndiyo iliyokuja mdomoni. Wamekaa wote, wananisubiri, mjomba kanipa kitabu, ningesoma nini?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Halafu malaria ina heshima yake, sista. Ukiwa na malaria watu wanakuletea uji, wanakuuliza umeamkaje. Siku tatu wameniuliza nimeamkaje."

Nikakaa pale juu ya tuta alipokuwa amekaa mkewe. Nikamwambia akae na yeye. "Umeamkaje, Fanizo?"

"Vibaya."

"Bado unawaza kufa?"

"Bado."

"Ulishapanga?"

Akang'oa jani la kabichi akalichana vipande vipande. "Jumapili nilipanga," akasema. "Wamekwenda kanisani, nimebaki na Ndaziona, naye yuko jikoni. Nikatafuta nilichokuwa nakitaka, sikukikuta mahali pake. Nikatafuta kingine, nacho hakipo. Nikadhani watu wameazima. Nikakaa chini nikalia, basi, nikalala."

Nikamshukuru Mungu kwa waazimaji wa Kachigamba, wezi wakubwa wale. Nikamwambia, "Leo tunakwenda kumwambia mjomba wako."

Akanishika mkono. Fanizo, mtu wa adabu, akanishika mkono wa nguvu mpaka ukauma. "Usimwambie, sista. Nakuomba. Akijua leo, kesho nimefungiwa mkeka. Mtu wa kuja akifa hapa ni kesi kwao, unajua. Na kwetu niende wapi? Mama alikufa, nyumba ikaanguka mvua zilizopita, kaka yangu kapanda mihogo juu yake. Nikifukuzwa hapa ndiyo basi tena."

Sasa fikiria uko mahali pangu. Ukisema, anafukuzwa, anakwenda kufia njiani. Usiposema, kesho asubuhi inakuja na hakuna anayejua. Nikafanya kile ambacho tangu asubuhi nilikuwa namcheka nacho mtu mwingine. Nikategemea karatasi. Mhuri wa kituo unakaa mfukoni mwangu, maana Mzumara alishaupoteza mara mbili, na kwetu kitu kilichopigwa mhuri hakibishiwi. Nikamwambia Fanizo, "Sawa. Itakuwa malaria. Lakini itakuwa malaria mbaya kuliko zote zilizowahi kuonekana wilaya hii."

Tulipofika bomani Mzee Sandalamu alikuwa amesharudi, ameketi kwenye kiti chake chini ya upenu. Ndaziona akaniletea thobwa, togwa la kwetu, kwenye kikombe, hakuniangalia. Nikanywa, nikasafisha koo, nikaanza. Nilidanganya vizuri, nakwambia. Nikasema malaria ya mkwe wao imepanda kichwani. Nikasema ina mayai. Nikasema mgonjwa wa namna hii lazima aje kila asubuhi kumeza dawa mbele yangu, asilale peke yake, asikae peke yake, na vitu vya hatari viondolewe kwa sababu anaweza kupata kizunguzungu akaviangukia. Nikatoa mhuri nikauonyesha.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini.

"Umemaliza, sista?"

"Nimemaliza."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitabu cha afya. Kilikuwa bado kimo mle. "Mimi nilifanya kazi Joni, kwenye migodi ya dhahabu kule kusini," akasema, "shimoni, miaka kumi na moja. Kiingereza chao sikukijua. Lakini mle chini ukutani kulikuwa na maneno mawili, rangi nyekundu, makubwa hivi, na bosi alitufundisha kwa fimbo kuyajua. Hatari kubwa. Ukiyaona, husogei." Akafungua ukurasa, akaweka kidole juu kabisa. "Haya hapa. Siku ile mkwe alipokuwa anasoma malaria nilikuwa nimeshayaona tangu kwenye benchi lenu. Na macho yake wakati anasoma hayakuwa kwenye karatasi."

Fanizo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Sikujua ni hatari ya nini," mzee akaendelea. "Ningemuuliza nani? Nikaondoa kila ninachokijua. Kamba za mbuzi, dawa ya kunyunyizia mimea, shoka, yote nikampelekea mchungaji wa kanisa usiku wa siku ile ile. Baiskeli nikaitoa tairi. Visu nikavitoa, wiki nzima tunakula mboga za kuchana kwa mikono. Ndaziona nikamwambia asimwache mumewe hata akienda chooni, amsubiri nje."

Nikamtazama Ndaziona. Nikakumbuka nilivyomfukuza pale dimba, nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa zamu, yule mwanamke. Mimi ndiye niliyemtoa zamu.

"Ulijua," Fanizo akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Mjomba, ulijua, mbona hujaniambia niondoke?"

"Uondoke uende wapi?" Mzee alikasirika kweli kweli, mishipa ikamsimama shingoni. "Uondoke uende wapi, we mpumbavu? Umekaa hapa miaka kumi na sita. Choo ninachoingia umechimba wewe. Mke wangu alipokufa kaburi umechimba wewe, wenye ukoo wao wako mjini wanaulizia chakula cha msiba. Leo niseme wewe ni wa watu?" Akamnyooshea kitabu. "Njoo hapa. Kaa. Soma."

"Mjomba..."

"Soma kilichoandikwa. Kwa lugha ya nyumbani. Polepole."

Fanizo akaja akakaa chini. Akashika kitabu kwa mikono miwili. Akasoma. "Hatari kubwa. Mgonjwa huyu anafikiria kujiua. Kila siku." Akashusha kitabu. Ndaziona akainuka kwenye mkeka wa wanawake, akapita mbele ya mjomba wake bila kupiga goti, jambo ambalo kwetu halifanyiki, akaketi ubavuni kwa mumewe akamshika kiwiko.

"Endelea," mzee akasema.

"Familia iondoe vitu vya kujidhuru. Arudishwe kituoni baada ya wiki moja. Asiachwe peke yake."

"Hapo mwisho. Rudia."

"Asiachwe peke yake."

Basi Fanizo akaanza kulia, kulia kwa mtu mzima, mabega yote yanakwenda. Hakuna aliyemwambia nyamaza wewe ni mwanaume. Mzee akanigeukia mimi, na machoni mwake niliona dharau ambayo nimeigawa kwa watu miaka ishirini na sita na sikuwahi kupewa.

"Hilo ndilo daktari wenu alishindwa kulitamka?" akasema. "Asiachwe peke yake. Maneno matatu. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Na wewe uliyekaa dirishani unasikia, mdomo wako ulikuwa unafanya nini?"

Mdomo wangu wiki nzima ulikuwa unamsema Mzumara.

Niliwaambia yaliyobaki kwa lugha ya kawaida, bila mhuri. Kwamba ni ugonjwa, una dawa, dawa inachukua wiki kadhaa kushika. Kwamba kumuuliza hakumpandishii wazo, kwa hiyo wamuulize, kila siku, kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Kwamba asubuhi ndiyo mbaya kwake. Ndaziona akauliza asubuhi saa ngapi. Fanizo akamjibu yeye, hakunijibu mimi. "Kabla hamjaamka," akasema. Mkewe akasema, "Basi niamshe."

Mzee alinisindikiza na baiskeli yangu ya kuiba mpaka mahali njia inapopinda. Anachechemea, goti moja aliliacha Joni. Nikamwambia nitamleta Mzumara mwenyewe kesho, aje aketi chini na azungumze nao kwa mdomo wake, hata kama itabidi nimfunge kwenye baiskeli. Hakucheka.

"Leo asubuhi nilikuja kukuuliza," akasema. "Sikujua pa kuanzia, nikaanza na kifua. Ukasema pisha."

"Nisamehe, mzee."

Nilisubiri aseme amenisamehe. Alikuwa ameshageuza shingo anatazama bomani kwake, na kutoka pale tulipokuwa upenu hauonekani vizuri, mti umekinga.

"Unawaona?" akaniuliza. "Macho yangu hayafiki. Wamekaa wote wawili?"

Nikachungulia. "Simuoni mmoja."

Hakuniaga. Aligeuka akakimbia, mzee wa miaka sabini na goti lake, koti linapepea, huku anaita kwa sauti jina la mkwe wake.

Nikatupa baiskeli chini nikamfuata. Fanizo alikuwa amekwenda kuchota maji ya kunawa uso, pale pale nyuma ya nyumba, na Ndaziona alikuwa amesimama pembeni yake ameshika kata. Fanizo alipotuona tunakuja tunahema, alishangaa.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," mzee akasema, ameshika ukuta, pumzi hazimtoshi. "Nilikuwa nakuita tu. Ukiitwa uitike."

"Nimeitika, mjomba," Fanizo akasema.